BARUA YA WAZI: Simbilisi wa kundi la wazima nao wanapiga chafya, sasa dawa ya mzio tunaipimaje?

Kwa Mkurugenzi wa kituo cha utafiti,
Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya maadili,
(Jina la kituo silitaji, nyie wenyewe mnajijua na mimi nataka mambo yarekebishwe, sitaki kumchafua mtu.)

YAH: MATUNZO YA SIMBILISI WA MAJARIBIO YA DAWA ZA MZIO WA PUA

Shikamooni wakubwa zangu. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mi nilikuwa mhudumu wa banda lenu la wanyama kwa mwaka mmoja na miezi minne. Nina cheti cha afya ya mifugo, si daktari na sijawahi kujiita daktari. Kazi yangu ilikuwa kulisha, kusafisha vizimba, kupima uzito, kuwashika simbilisi (wengine mnawaita guinea pig) wakati watafiti wanawadondoshea matone puani, na kuandika kwenye rejista. Haya ninayoyasema nimeshayasema ndani mara tatu kwa maandishi. Ya kwanza nilimpa msimamizi wa banda akaniambia tutaliangalia. Ya pili nikapeleka kwa mkuu wa maabara, nina nakala yake imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ya tatu nikampa katibu wa kamati ya maadili mkononi kabisa, nikaambiwa wajumbe hawajakaa, nikarudi baada ya mwezi wajumbe hawajakaa, nikarudi tena nikaambiwa suala langu ni la kiutawala sio la kamati. Mkataba wangu ulipoisha nikaondoka kimya kimya nikasema basi.

Kilichonifanya niandike hadharani ni simu ya shangazi yangu wiki mbili zilizopita. Shangazi yupo Makete, anafuga simbilisi jikoni kama bibi alivyokuwa anafuga, akaniambia kuna mtu anapita vijijini anakusanya simbilisi wengi, wazima, wa umri mmoja, wanakwenda Mbeya kwenye utafiti wa dawa ya mafua ya aleji. Akaniuliza, mwanangu si ndo kule ulikokuwa unafanya kazi, wakifika wanafanyiwa nini? Nikakosa la kumjibu. Kwa hiyo kundi jipya linaingia kwenye banda lilelile, na hakuna kilichobadilika maana nimeuliza kwa waliobaki.

Niseme mapema mi sipingi utafiti huu. Mimi mwenyewe pua yangu ni mgonjwa wa siku nyingi, vumbi la mwezi wa nane mpaka wa kumi likianza hapa Uyole natembea na kitambaa mkononi, macho yanawasha, usiku nalala mdomo wazi. Nimemeza Piriton mpaka nikawa nasinzia kazini, nimehamia setirizini, na najua majirani zangu wanaojinunulia prednisolone, dawa ya jamii ya steroidi, duka la dawa kama wananunua karanga, hawajui zile dawa zikitumika ovyo zinaharibu mifupa na zinapandisha sukari. Kwa hiyo dawa nzuri ya pua inayopunguza uvimbe bila madhara hayo naitaka kuliko wengi wenu. Na najua pia tulipotoka. Daniel Bovet na wenzake kule Ufaransa mwaka 1937 walipata kemikali ya kwanza iliyomkinga simbilisi asife kwa histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta chafya na kuwasha, na kwa kazi za aina hiyo Bovet akapewa Nobel mwaka 1957. Hizi dawa za aleji tunazomeza ukoo wake unaanzia kwa simbilisi. Ndo maana inaniuma zaidi, huyu mnyama tunamdai kazi kubwa halafu tunaiharibu kazi yenyewe kwa uzembe wa banda.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajui jaribio linaendaje, nieleze kidogo. Simbilisi anachomwa sindano tumboni yenye ovalbumini, ni protini ya ute wa yai, imechanganywa na chumvi ya alumini ili mwili uishike vizuri na uichukie. Anachomwa tena baada ya muda. Mwili ukishajifunza kuichukia, anadondoshewa ileile ovalbumini puani siku kwa siku, na hapo anapata mzio kama wa kwetu kabisa, chafya, makamasi, anajikuna pua kwa miguu ya mbele. Kundi moja linapewa dawa inayojaribiwa, lingine deksamethasoni, steroidi ambayo inajulikana inafanya kazi, lingine maji ya chumvi tu, na lipo kundi la wazima ambao hawajatiwa mzio wowote, hao ndo kipimo cha pua ya kawaida. Mnahesabu chafya na kujikuna, mwishoni wanauawa, pua inaoshwa, seli zinahesabiwa kwenye hadubini. Simbilisi anachaguliwa kwa sababu njia zake za hewa zinaitikia histamini karibu na za binadamu, na steroidi hazimwathiri haraka kama zinavyomwathiri panya. Hayo yote sawa. Sasa malalamiko yangu.

1. Maranda. Hili ndo kubwa kuliko yote na ndo nililoliandika kwenye barua zote tatu. Simbilisi wenu wanalazwa kwenye maranda ya mipaina yanayoletwa kwa lori kutoka Mufindi, mabichi, yana harufu ya utomvu ukiingia tu mlangoni, na chini ya gunia ni vumbi tupu la msumeno. Nikiwa namwaga gunia moja kwenye vizimba mimi mwenyewe nilikuwa napiga chafya mpaka nashindwa kuona. Huyo ni mtu mwenye barakoa, aliyesimama, anayetoka nje baada ya nusu saa. Simbilisi pua yake ipo sentimita mbili juu ya hilo vumbi usiku na mchana, na simbilisi kwa maumbile anapumua kwa pua, sio kama sisi pua ikiziba tunafungua mdomo maisha yanaendelea. Pua ikiziba kwake ni mateso ya kila pumzi.

Kuna asubuhi moja nilifika saa kumi na mbili, kabla ya matone, kabla ya mtafiti yeyote kufika. Nikakaa kwenye ndoo mbele ya vizimba vya wale wazima, wale ambao hawajachomwa kitu, nikawasha saa ya simu. Kwa dakika 10 nikahesabu chafya 11 kwenye kizimba kimoja chenye simbilisi wanne. Nikamshika mmoja nikamgeuza, manyoya ya ndani ya miguu ya mbele yamegandamana kwa makamasi, yamekauka yamekuwa magumu kama kamba iliyolowa gundi. Huyu ndo anaandikwa kwenye karatasi kwamba ni mzima. Mkurugenzi, kama mzima anapiga chafya kwa sababu ya vumbi na mgonjwa anapiga chafya kwa sababu ya vumbi na mzio, ukimpa dawa ya mzio chafya za vumbi zinabaki palepale, dawa itaonekana haifanyi kazi hata kama inafanya. Au inaweza kuwa kinyume chake, inatuliza mkereketo wa vumbi, mkaandika inatibu mzio.

Na maranda ya mipaina yana tatizo lingine ambalo halionekani kwa macho. Hewa inayotoka kwenye mbao laini zenye utomvu inaamsha vimeng'enya vya ini, na ini ndo linalovunja dawa. Hili si jipya, mwaka 1967 ilishaandikwa kwamba panya waliolala kwenye maranda ya mti wa sida walizinduka mapema kuliko wenzao kwenye dawa ileile ya usingizi, kwa sababu maini yao yalikuwa yanaivunja haraka. Sasa deksamethasoni inavunjwa na ini. Kipimo mlichompa simbilisi sicho kinachokaa mwilini mwake. Niliposema hili kwenye kikao cha wahudumu kuna mtu akacheka akasema leo mfagiaji anatufundisha famakolojia, yaani elimu ya dawa, na mjadala ukaishia hapo.

2. Jiko la mkaa. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya hapa inashuka usiku chini ya nyuzi 10, mnaijua. Ili wanyama wasife kwa baridi mliagiza jiko la mkaa liwekwe ndani ya chumba na madirisha yafungwe. Asubuhi ukifungua mlango unakutana na moshi umechanganyika na amonia ya mkojo, macho yanatoka machozi. Moshi na amonia vyote vinaunguza utando wa pua, halafu saa tatu ndo tunaanza kupima uvimbe wa pua. Siku moja tulikuta watatu wamekufa kwenye kizimba kilichokuwa karibu na jiko, wamelala tu, hawana kidonda wala jeraha, ikaandikwa "baridi". Mi sikubali ilikuwa baridi. Hata mtoto wa Mbeya anajua kulala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ni kifo.

3. Sungura kwenye chumba hichohicho. Sungura wengi wanatembea na bakteria anaitwa Bordetella wala hawaumwi, ila akihamia kwa simbilisi anampa nimonia. Tumeweka sungura kwenye safu ya juu na simbilisi safu ya chini, kinachodondoka juu kinaangukia chini. Halafu tunawapa wale wa chini deksamethasoni inayoshusha kinga. Anayepewa steroidi akiumwa mapafu, itaandikwa madhara ya dawa?

4. Amoksilini. Hapa naomba mnisamehe, naandika na hasira. Simbilisi walipoanza kutoa makamasi mazito, bila kumuita daktari wa mifugo, ikaamuliwa wapewe amoksilini ya watoto kwa mdomo, ile ya unga wa kukoroga. Nilisema hapana. Kwa simbilisi dawa za jamii ya penisilini ni sumu, si kwamba zenyewe ni kali, zinaua bakteria wazuri wa tumboni anaowategemea kusaga majani, wabaya wanaota wanajaza sumu kwenye utumbo. Kitu hiki kipo kwenye somo la mwanzo kabisa la wanyama wadogo. Nikaambiwa fuata maelekezo. Nikafuata, na hilo nitalibeba mimi. Siku ya tatu wakaanza kuharisha, siku ya tano nilikuwa nimeshawatoa wanne. Namba 14 alikuwa wa mwisho, dume jekundu lenye alama nyeupe shingoni, ambaye kila nikiingia na nyasi alikuwa anasimama kwenye waya analia ile wiii yao kabla sijafika. Siku ile nilipita na nyasi hakuinuka. Nilimshika alikuwa wa baridi masikio na miguu, bado anapumua, na nikatafuta mtu wa kuidhinisha apumzishwe, yaani auawe bila mateso, nikakosa, kila mmoja ananiambia subiri fulani. Alikufa saa nane mchana. Kwenye jedwali la matokeo ameandikwa "ameondolewa".

5. Chakula. Simbilisi hatengenezi vitamini C mwilini, kama sisi. Ndo maana mwaka 1907 Holst na Frølich kule Norwei waligundua kwamba yeye naye anaweza kupata kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Mnawapa pumba na pelleti za sungura, ambazo hazina vitamini C ya kutosha, wiki kadhaa. Mnyama mwenye upungufu huo ni mgonjwa hata bila mzio. Kabichi sokoni Uyole zinamwagwa jioni!

6. Anayehesabu chafya ndo huyohuyo aliyetoa dawa. Anajua kizimba kipi kina dawa. Simtuhumu mtu kudanganya, ila jicho linaona linachotaka kuona, na chafya ndogo ya simbilisi unaweza kusema ni chafya unaweza kusema amepumua tu.

Sasa najua mtakachojibu, maana mengine nilishajibiwa.

Mtasema bajeti haitoshi. Maranda ya mipaina mnanunua na kulipia lori. Hapa Mbeya magunzi ya mahindi watu wanachoma moto, ukiyavunja ukayachekecha vumbi likatoka ni malalo mazuri yanayotumika maabara nyingi duniani. Karatasi za ofisini zilizokatwakatwa nazo zipo bure, ofisi yenu yenyewe inachoma maboksi kila Ijumaa. Na kama ni lazima maranda, yawe yaliyokaushwa kwa joto kali na kuchekechwa. Kuhusu baridi, masanduku ya mbao ya kujificha yenye nyasi kavu ndani yanatosha sana, simbilisi wakilaliana wanapeana joto wenyewe, bibi yangu hakuwahi kuwawekea jiko la kwao.

Mtasema mbona nyie wa Makete mnawala. Ndio, tunawala, nimekula tangu mtoto. Mgeni akija anachinjwa mmoja, dakika moja imeisha. Sijawahi kuona nyumbani mtu anamziba simbilisi pua wiki tano. Na hata wa jikoni alikuwa anakaa sehemu kavu, mlango uko wazi mchana kutwa, anapewa majani ya mahindi na matembele asubuhi na jioni, mtoto asiyewapa majani anachapwa.

Mtasema nilisaini usiri. Nilisaini kutotaja dawa inayojaribiwa, aliyeileta na matokeo yake, na humu sijataja hata kimoja. Maranda sio siri ya biashara.

Mtasema haya ni ya wataalamu. Sawa, basi waiteni wataalamu. Russell na Burch walishaweka misingi mitatu mwaka 1959, kutafuta njia mbadala ya mnyama inapowezekana, kupunguza idadi, na kupunguza maumivu. Kamati za maadili zinaisoma kila siku. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo ipo. Mnyama aliyetumika kwenye jaribio ambalo banda lake limeshaliharibu hajapunguzwa idadi, ameongezwa, maana itabidi mrudie na wengine. Hilo halihitaji digrii kulielewa.

Ninachoomba ni hiki, na naomba kijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 21:

(a) Kundi jipya lisipokelewe mpaka malalo yabadilishwe na jiko la mkaa litolewe. Wakiwa wameshafika, wakae kwanza kwenye chumba safi angalau wiki mbili, na chafya za kawaida zihesabiwe kabla ya sindano ya kwanza. Wazima wakiwa bado wanapiga chafya, jaribio lisianze.

(b) Sungura wahamishwe chumba kingine chenye mhudumu wake, koti lake na ndoo zake.

(c) Awepo daktari wa mifugo aliyesajiliwa mwenye mamlaka ya kusimamisha jaribio na kuidhinisha mnyama apumzishwe saa yoyote, hata mtafiti mkuu akiwa safarini. Vigezo viandikwe ukutani: uzito ukishuka kiasi gani, akiacha kula muda gani, akipumua vipi, anapumzishwa. Na antibayotiki yoyote isitolewe bila saini yake.

(d) Majani mabichi kila siku.

(e) Anayehesabu chafya asijue kizimba kipi kimepewa nini. Simu ya kurekodi video ukutani inatosha, mtu mwingine akae ahesabu baadaye.

(f) Data za makundi mawili yaliyopita zisitumike kusema dawa inafanya kazi au haifanyi, bila kueleza wazi hali ya banda, vifo vya amoksilini na wale watatu waliokufa karibu na jiko la mkaa. Hapa ndo nina wasiwasi mkubwa kuliko pote, maana mnyama ameshakufa ila karatasi inaendelea kuishi, na kesho kuna mgonjwa kama mimi atapewa dawa kwa kutegemea hiyo karatasi.

(g) Wahudumu wawe na sehemu ya kuandika wanachokiona, na kiti kimoja kwenye kamati. Waliopo sasa wanaogopa, msiwahoji nani amenipa habari.

Nakala za barua zangu tatu ninazo, pamoja na picha za kurasa nilizoandika mwenyewe kwenye rejista, sijaziweka hapa na sitaziweka kabla ya siku 21 kwisha. Mkiniita kikaoni nakuja, hata kesho, hata bila nauli. Shangazi nimemwambia asiuze kwanza. Nipo Uyole, namba yangu ya simu mnayo kwenye faili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhudumu wa zamani wa banda la wanyama,
Uyole, Mbeya.